Boti za kasi Matema: kibao cha spidi kitamsaidia mwenye mtumbwi?

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Matema, Kyela, mwambao wa Ziwa Nyasa. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, cha mwalo wetu. Msimu huu kuna boti mbili za faiba zinazopeleka wageni Ikombe na kuwarudisha, na vijana wanaziendesha kama wanafukuzwa. Mwezi uliopita mama mmoja wa Kikisi, aliyekuwa analeta vyungu gulioni Lyulilo, alijazwa maji na mawimbi ya boti mojawapo. Mwenyewe aliokolewa, vyungu vyote vikaenda chini. Wanachama wanataka tuiombe halmashauri iweke ukomo wa kilomita 40 kwa saa, ziwa lote upande wetu. Tuna ndugu yetu yuko Marekani, anasema huko kuna ziwa waliloweka sheria kama hiyo na watu wa vyombo vidogo sasa wanapumua. Je, itatusaidia au tutakuwa tumeandika karatasi tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndaga kwa barua, na mama huyo mpe pole zangu. Chungu cha Kikisi kinafinyangwa kwa mkono, kinakaushwa, kinachomwa, halafu kinapigiwa kasia hadi sokoni. Kikizama, kimezama na kazi ya siku nyingi.

Nikujibu moja kwa moja. Hilo ombi, kama mlivyoliandika, halitamsaidia mama yule hata kidogo, na kuna siku linaweza kumwongezea taabu. Sisemi mwache kuomba. Nasema mmeomba kitu kisicho chenyewe. Mwenye mtumbwi hauawi na namba kubwa kwenye kipimo cha boti. Anaumizwa na boti inayompitia karibu, ikiwa katika mwendo mbaya, na dereva haangalii mbele. Kibao cha 40 hakigusi hata kimoja cha hivyo vitatu.

Niliyajua haya kwa aibu. Zamani, kabla sijaanza kukagua vyombo, nilikuwa naendesha boti ya kazi katika mwambao huo huo wenu, faiba ya mita sita yenye mashine ya farasi 40. Asubuhi moja natoka Lyulilo, ziwa limetulia kama maji ya karai, mbele yangu mzee yuko kwenye mtumbwi wa gogo anakusanya wavu. Mimi najiona muungwana. Nilipobakiza kama mita thelathini nikarudisha mkono wa mafuta nusu, ili nimpite kwa heshima. Pua ya boti ikainuka, tezi ikakaa chini, na nyuma yangu likaanza kuvutwa gema la maji ambalo dakika moja kabla halikuwepo. Nikampungia mkono. Yeye hakunipungia, alikuwa ameshaliona lile linalonifuata. Lilimkuta ubavuni. Mtumbwi haukupinduka, ulijaa tu, taratibu, ukabaki unaelea usawa wa maji na mzee amekaa ndani maji yakimfika kiunoni, bado ameshika wavu. Niliporudi kumsaidia kukumba maji aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuendelea kukimbia?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye darasani, na kwa kuwa ndilo jambo zima la barua yako, nitakaa hapo kidogo.

Boti yenye mashine ina miendo mitatu, siyo miwili. Wa kwanza ni wa pole. Boti imelala majini, inasukuma maji kando kama mtumbwi mkubwa, na mawimbi yake ni madogo. Kwa boti ya mita sita mwendo huo unaishia chini ya kilomita 10 kwa saa. Wa tatu ni wa kasi. Boti imepanda juu ya maji, inateleza kama jiwe la bapa ulilorusha, sehemu ndogo tu ya tumbo lake inagusa ziwa. Huo unaanza kilomita 25 au 30 kwa saa, kutegemea mzigo na umbo la boti. Katikati kuna mwendo wa pili, ninaouita kupanda mlima. Boti imeshakataa kulala na haijaweza kuteleza. Pua iko juu, tezi imechimba shimo, mashine inalia, mafuta yanaungua, na nguvu yote hiyo inakwenda kutengeneza mawimbi. Hapo, kati ya kama kilomita 12 na 25 kwa saa, ndipo boti ndogo inapofanya mawimbi makubwa kuliko mwendo wowote ule.

Mwenye boti ya kasi akikuambia kwamba boti yake ikikimbia haina mawimbi, anasema ukweli nusu. Kweli, ikiteleza mawimbi yake ni mafupi kuliko ya nusu mwendo. Nusu asiyoisema ni kwamba ili afike huko ni lazima aupande mlima, na akisimama ni lazima aushuke. Anaupandia wapi? Mbele ya mwalo, akiondoka. Anaushukia wapi? Mbele ya mwalo, akirudi. Kwa maneno mengine, palepale penye mitumbwi.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo lililomkuta mama yenu, ingawa sikuwepo. Boti ya mita sita na mashine ya farasi 40 ikiwa na watu wawili inauvuka mlima mara moja. Iweke wageni wanane, mizigo yao, dumu la mafuta na msaidizi, haitauvuka tena, au itauvuka kwa shida. Itakwenda imeinua pua njia nzima hadi Ikombe, ikivuta gema lile nyuma kwa mwendo wa kilomita 18 au 20 kwa saa. Watu wa pwani wataapa kwamba ilikuwa inakimbia sana, maana inapiga kelele na inarusha maji. Haikuwa inakimbia. Ilikuwa imeshindwa kukimbia. Sasa chukua kibao chenu cha 40 ukakisimamishe mbele ya boti hiyo: inapita chini yake kihalali kabisa.

Na hao vijana wenye boti nyepesi, inayoweza kufika 45 au 50, mkiwabana kwa 40 watabaki wanateleza vilevile. Mtakuwa mmewapunguzia kilomita chache ambazo mtumbwi hauzisikii. Tuseme kikao kikapandwa na hasira, mkashusha namba hadi 20 mkidhani ndiyo usalama. Hapo ndipo mtaziweka boti zote juu ya mlima, kutwa nzima, kwa amri ya serikali.

Watu wengi hudhani pia kwamba wimbi likienda mbali kidogo linakufa. Linapungua polepole mno. Kwenye maji yenye kina, wimbi la boti linalokwenda kando hupungua hadi nusu ya kimo chake ukiwa mbali mara nane. Yaani kama ukiwa mita 25 kutoka njia ya boti wimbi lina shibiri mbili, itabidi uwe mita 200 ndipo libaki shibiri moja. Mtumbwi uliopakia vyungu una nini juu ya maji? Nimepima mingi kwa kiganja changu. Ukikuta shibiri moja ya ubavu mkavu, huyo mwenye mtumbwi ni mwangalifu. Wengine wanaondoka na vidole vinne.

Na pale kwenu kuna ukuta. Kutoka Matema kuelekea Ikombe Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, hakuna ufuko wa kulipokea wimbi. Linapiga mwamba linarudi, linakutana na lenzie linalokuja, na mtumbwi unaoambaa na mwamba ili kukwepa boti unajikuta kwenye maji yanayoruka juu na chini bila mwelekeo. Mama amekwepa njia ya boti kwa busara, halafu busara ile ile inampeleka penye maji mabaya zaidi. Kwa mwambao wa namna hiyo ni boti itakayosogea nje, ziwani, siyo mtumbwi usogee ndani.

Sasa tuje kwa ndugu yenu wa Marekani. Nadhani anasema habari za ziwa Winnipesaukee, jimbo la New Hampshire. Ni kweli, kuanzia Januari 2009 ziwa lile lina ukomo wa maili 45 kwa saa mchana, yaani kama kilomita 72, na usiku chini ya hapo. Iliwekwa kwanza kwa majaribio, mwaka 2010 ikafanywa ya kudumu. Ukisoma namba hiyo utacheka: sisi tunalia na 40, wao wamezuia 72. Kule kulikuwa na boti za mashindano zinazokimbia mara mbili ya hapo, na wenye kayaki, yaani mitumbwi myepesi ya kasia, na mashua ndogo walikuwa wanalalamika kwamba wanaogopa kutoka. Waliopinga wakasema ajali zinazotokana na kasi peke yake ni chache. Ukiniuliza mimi, kila upande ulikuwa na kipande cha haki. Kasi kubwa namna ile inastahili kuzuiwa kwa sababu ya hesabu rahisi: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Kwa kilomita 70 kwa saa boti inakwenda karibu mita 20 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde tatu kuona, kuelewa na kukata usukani, boti imeshameza mita 58. Kwa 20 kwa saa, sekunde hizo tatu ni mita 17. Na boti haina breki, mwanangu. Hata ukizima mashine inaendelea kuserereka.

Lakini kuna sheria nyingine ya New Hampshire ambayo ndugu yenu hakuitaja, pengine kwa sababu haikuleta ugomvi magazetini. Boti ikiwa ndani ya futi 150 kutoka kwa chombo kingine, mtu anayeogelea, gati au ufukwe, ni lazima itembee mwendo wa pole tu, ule wa kuiwezesha kushika usukani. Futi 150 ni kama mita 45. Hiyo ndiyo inayomlinda mwenye kayaki, na ningekuwa nyie ndiyo ningeinakili. Namba ya 72 inamwondoa mwendawazimu mmoja katikati ya ziwa. Mita 45 zinamfuata mwenye mtumbwi popote anapokwenda, kama mwavuli.

Uingereza nao wana ziwa Windermere. Tangu Machi 2005 boti zote zinabanwa kwenye maili 10 za baharini kwa saa, kilomita 18 na nusu, na sehemu nyingine 6 tu. Kule kweli pametulia. Lakini angalia pametuliaje: anayevutwa na boti huku amesimama juu ya ubao anahitaji kasi kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo wenye boti za namna hiyo walihama ziwa. Ukomo wa chini kiasi hicho haukuwafundisha adabu, uliwaondoa. Mkitaka kuwaondoa wenye boti za wageni Matema semeni hivyo wazi kikaoni, na mjiandae kuulizwa na vijana waliopata ajira pale. Na 18 na nusu, kwa boti ya mita sita, ni katikati ya mlima. Nisingekitaka kiwango hicho mbele ya mtumbwi wa vyungu.

Halafu tusisahau ukubwa. Winnipesaukee lina kilomita za mraba zaidi kidogo ya 180. Nyasa lina karibu 29,600. Mwambao wa Kyela wenyewe ni mfupi, ukienda kusini unaingia Ludewa, mkoa mwingine, halmashauri nyingine. Sheria ndogo yenu inakomea hapo. "Ziwa lote upande wetu" ni maneno matamu kwenye muhtasari wa kikao, ila kazini hayana mguu.

Nani atashika tochi ya kupimia spidi? Ukitoka Mbeya mjini kuja kwenu, kuanzia Uyole hadi Tukuyu, unajua mwenyewe jinsi kibao cha 50 kinavyofanya kazi. Kinafanya kazi siku ambayo trafiki amekaa chini ya mgomba na tochi yake. Siku hayupo, Noah zinapita kama kawaida, hadi palipo na tuta. Tuta halihitaji trafiki. Ziwani hakuna mgomba wa kujifichia na tochi ya boti hamna, kwa hiyo sheria yenu inapaswa kuwa ya aina ya tuta: kitu ambacho mtu yeyote aliyesimama ufukweni anaweza kukiona kwa macho kimevunjwa. "Alikuwa anakwenda 46" hakuna atakayethibitisha. "Alipita ndani ya maboya pua ikiwa juu" kila mama aliyekuwa anafua ameona.

Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha. Andikeni ombi upya hivi. Mstari wa maboya, mita 150 kutoka ufukweni mbele ya mwalo na mbele ya gulio. Ndani ya mstari huo boti inatembea polepole, pua imelala, hakuna wimbi linalopinduka nyuma yake. Nje ya mstari, ikikutana na mtumbwi, dereva ana mambo mawili tu ya kuchagua: ama ampite mbali, mita 200 na zaidi, akiwa amefungua mwendo wake, ama ashuke mapema, mita 100 kabla, amalize kushuka kabisa, ndipo ampite polepole. Marufuku ni kile nilichofanya mimi, kupunguza nusu na kupita karibu. Na kwenye njia ya Ikombe boti zikae nje, mbali na mwamba, mitumbwi iachiwe maji ya ndani.

Ongezeni idadi ya abiria. Najua unaona nimetoka nje ya swali, lakini nimeshakueleza kwa nini boti iliyojaa ndiyo inayovuta gema. Kila boti ikishakaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, inapewa idadi yake ya watu kwenye cheti. Mwombeni mwenye boti aiandike ubavuni kwa rangi, tarakimu kubwa zinazoonekana ufukweni. Mtoto wa darasa la tatu atahesabu vichwa.

Na dereva avae kamba ya kuzimia mashine mkononi. Akianguka majini bila kamba hiyo, boti inabaki inazunguka na panga lake. Nimeshaona zaidi ya kijana mmoja akiifunga kamba ile kwenye usukani ili isimsumbue. Huyo mnyang'anyeni ufunguo kwanza, mtazungumza baadaye.

Kuhusu nani wa kumpelekea: msianzie wilayani. Pitisheni kwenye mkutano wa BMU, mpeleke serikali ya kijiji, kisha halmashauri, ambayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Afisa uvuvi wa kata awe nanyi tangu siku ya kwanza. Nakala kwa TASAC, maana hao ndio wanaokagua vyombo na kutoa leseni, na wakitaka kumfungia mtu hawahitaji kibao chenu. Waiteni pia hao wenye boti mbili. Boti mbili, mwanangu! Huhitaji sheria ya bunge kwa watu wawili ambao jioni mnakula nao ugali wa muhogo na mbasa. Kaeni nao chini ya mwembe, wachukueni kwenye mtumbwi uliopakia, wapitishieni boti yao wenyewe. Sijawahi kuona somo linaloingia haraka kuliko hilo.

Sasa niseme jambo ambalo wanachama wako huenda hawatalipenda. Boti za wageni si chanzo kikuu cha vifo ziwani mwetu. Linaloua ni mwera, ni mzigo, ni kutokuvaa jaketi okozi. Mwera unapoanza kuvuma kutoka kusini, Mei hadi Agosti, unapata mamia ya kilomita za maji wazi ya kukokotea mawimbi, na mwisho wa ziwa, mahali yote yanapokuja kutua, ni kwenu Matema. Mwezi Julai 1946 meli ya Vipya ilizama katika ziwa hili hili kwenye dhoruba, watu 145 wakafa. Meli, siyo mtumbwi. Kivuko cha MV Nyerere kule Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, hakikuwa na mwendo wa kutisha mtu. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi na kilikuwa karibu kabisa na gati, na waliokufa walizidi 220. Kibao cha spidi kingefanya nini hapo?

Hata huko Marekani kwenye boti za kasi hesabu inasema hivyo hivyo. Mwaka 2023 watu 564 walikufa kwenye ajali za boti za starehe. Katika vifo ambavyo sababu yake ilijulikana, robo tatu walizama tu, na kati ya waliozama, 87 katika kila mia hawakuwa wamevaa jaketi. Pombe ndiyo inayoongoza miongoni mwa vyanzo vya vifo. Mwendokasi upo kwenye orodha yao, lakini kutokuwa makini na kutoangalia mbele huwa vinatajwa juu yake mwaka baada ya mwaka.

Kutoangalia mbele, ndiyo. Mtumbwi ni chombo kigumu kuonekana. Mtu aliyekaa ndani yake kichwa chake hakifiki mita moja juu ya maji, na palipo na mawimbi anazama machoni na kuibuka. Boti iliyoinua pua inamficha kabisa, dereva anaona anga. Jioni, ukirudi kutoka Ikombe, jua linakushukia usoni upande wa magharibi na maji yote yanang'aa kama bati jipya. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano, za mwaka 1972, ambazo manahodha wote hufundishwa, hazitoi namba yoyote ya spidi. Zinasema uende mwendo salama kulingana na unavyoona, msongamano, upepo na uwezo wa chombo chako kugeuka. Kijana anaweza kuwa ndani ya 40 yenu, jua usoni, simu mkononi, na akamgonga mtu. Akifika polisi atasema, "Nilikuwa ndani ya spidi." Namba ina ubaya huo pia, inampa mtu kichaka cha kujificha.

Wenye mitumbwi nao wana sehemu yao, usiogope kuwaambia. Usiku, wavuvi wa usipa wenye taa wanaonekana hadi kule ng'ambo. Anayegongwa ni yule anayesafiri gizani bila hata tochi ya mkononi kwa kuwa anahifadhi betri. Kanuni zile zile zinamruhusu mpiga kasia awe na tochi moja tu tayari, aiwashe mapema boti ikija. Mchana, kitambaa chekundu au cha njano kwenye kijiti kirefu cha mita moja na nusu kinatosha. Nimeona wengine wanafunga mfuko wa mbolea mweupe, nao unafaa.

Na wimbi likija, lisipokelewe ubavuni. Mwambie mama, na wenzake wote wa vyungu: akiiona boti imepita, asiiangalie boti, ahesabu mawimbi. Ageuze omo ilielekee wimbi kwa mshazari, si uso kwa uso kabisa kwa sababu mtumbwi wa gogo wenye mzigo huzamisha pua, na asiache kupiga kafi, maana mtumbwi uliosimama hausikii usukani. Wimbi la kwanza mara nyingi ni dogo, kubwa linafuata nyuma yake, na hapo ndipo wengi wanakuwa wameshalegea. Vyungu vikubwa vikae chini katikati, vimefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, midomo juu. Chungu kilicholala hunywa maji ya kwanza yanayoingia, na kikishajaa ni jiwe linalotembea upande ule ule mtumbwi unakoinamia.

Umeniuliza pia pembeni kama mama anaweza kudai fidia. Anaweza. Aandike idadi ya vyungu na bei ya gulioni siku hiyo, awataje waliomwokoa, apeleke kwa mtendaji wa kijiji kwanza. Mara nyingi mwenye boti hulipa hapo hapo, kwa aibu, kabla halijafika baraza la kata.

Mkifika kwenye kufunga maboya: madumu ya njano ya lita 20 yanatosha, yazibwe vizuri, yafungwe kwa nailoni, siyo katani, ambayo ikikaa majini inaoza. Jiwe la nanga lisipungue kilo 40 kwa kila dumu. Na mpime mita 150 upya kila baada ya masika, kwa sababu Lufilyo ukifurika unahamisha mchanga wote wa pale mbele, na ufukwe mliopimia mwaka jana unaweza kuwa umeshaingia ziwani.